Soko Lilifungwa, Watumwa Wakabaki

Ukiuliza utumwa uliisha lini katika pwani yetu, mmoja atakwambia 1873, mwingine 1897, wa Mombasa atasema 1907, na wa Bagamoyo aliyesoma sheria atakutajia 1922. Kila mmoja ana waraka wa kumtetea. Miaka hiyo haigombani, kwa sababu kila mmoja ulimaliza kitu chake: kuna uliofunga soko, kuna uliomwondolea bwana haki ya kumdai mtumwa mahakamani, na upo wa 1909, usiotajwa sana, ambao ndio uliowafikia masuria wa Unguja na Pemba.

Katikati ya mkorogo huo wamo Wakristo waliotoka Ulaya wakisema wamekuja kuukomesha utumwa. Kanisani tumefundishwa kwamba ndio waliotukomboa. Kwenye masomo ya ukoloni tumefundishwa kwamba walimtangulia mkoloni kumfagilia njia. Nimeisikia hadithi ya kwanza na ya pili tangu utotoni, na kadiri ninavyosoma naona zote mbili zimejikwaa kwenye jiwe moja: zinachukulia biashara ya watumwa na utumwa kuwa kitu kimoja.

Biashara ni kumteka mtu, kumsafirisha na kumuuza. Utumwa ni ile hali anayobaki nayo baada ya kuuzwa: analima shamba lisilo lake, haondoki bila ruhusa, na mtoto atakayezaliwa humo, yule aliyeitwa mzalia, anairithi hali ya mama yake. Mtu anaweza kuipiga vita biashara maisha yake yote, kwa moyo safi kabisa, na asimwache huru mtumwa hata mmoja. Hilo lilitokea Uingereza kwanza, kisha likaja kutokea huku.

Tarehe 22 Mei 1787 wanaume 12 walikutana London, katika duka la mchapaji wa vitabu, wakaunda kamati ya kupambana na biashara ya watumwa. Tisa kati yao walikuwa Waquaker, dhehebu dogo la Kikristo linaloamini kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila binadamu. Waquaker walikuwa wameanza kwa kujisafisha wenyewe. Waraka wao wa kwanza wa kupinga utumwa uliandikwa Germantown, Pennsylvania, mwaka 1688, na wenzao wakauweka kando, maana wengi walikuwa na watumwa. Ilichukua karibu miaka 90 ya kubishana ndani ya mikutano ya ibada mpaka Waquaker wa Philadelphia wakaamua, mwaka 1776, kwamba anayemiliki mtumwa hana nafasi kati yao.

Kwa kuwa Waquaker hawakuweza kukaa bungeni, kamati iliwahitaji Waanglikana: Thomas Clarkson aliyezunguka bandarini akiwahoji mabaharia, Granville Sharp aliyekuwa ameshawatetea watumwa mahakamani, na mbunge William Wilberforce. Swali gumu lililowakabili mwanzoni kabisa lilikuwa: tupinge biashara, au tupinge utumwa wenyewe? Sharp alitaka utumwa wenyewe. Wenzake wakachagua biashara. Hesabu yao ilieleweka: meli na bandari zilikuwa chini ya Bunge, ilhali watumwa wa Jamaica na Barbados walihesabiwa kuwa mali ya watu, na ukigusa mali unaamsha wenye mali wote. Walitumaini kwamba bwana akikosa mtumwa mpya atamtunza aliye naye, na utumwa utanyauka kama mti uliokatwa mizizi.

Haukunyauka. Biashara ilipigwa marufuku mwaka 1807, na wanaoitwa mali wakaendelea kukata miwa. Sheria ya kuondoa utumwa wenyewe katika makoloni ilipitishwa mwaka 1833, ikaanza Agosti 1834, na hata hapo walilazimishwa kuwatumikia mabwana kwa jina la "wanagenzi" mpaka 1838. Wenye watumwa walitengewa fidia ya pauni milioni 20. Watumwa hawakupewa chochote.

Kanisa lenyewe lilikuwa miongoni mwa waliolipwa. Shirika la misheni la Kanisa la Anglikana lilirithi mashamba ya Codrington huko Barbados, na kuna wakati watumwa wake walichomwa kifuani kwa chuma cha moto chenye neno "Society", yaani Shirika. Kwa hiyo tunaposema "Wakristo walipinga utumwa", ni haki tuseme na hili: walipingana na Wakristo wenzao, na kwa miaka mingi walikuwa wachache.

Tena hawakuwa Wazungu peke yao. Olaudah Equiano, aliyekuwa mtumwa akajinunua, alizunguka Uingereza akiuza kitabu cha maisha yake. Samuel Sharpe, shemasi wa Kibatisti na mtumwa huko Jamaica, aliisoma Biblia akahitimisha kwamba hakuna anayeweza kutumikia mabwana wawili. Krismasi ya 1831 aliongoza mgomo uliogeuka kuwa uasi wa maelfu ya watumwa. Alinyongwa Mei 1832. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha ile sheria. Simwoni Wilberforce kuwa mdogo kwa sababu hiyo, ila namwona Sharpe kuwa mkubwa kuliko alivyoandikwa.

Sasa tuje nyumbani. Wakati Uingereza inafunga biashara upande wa Atlantiki, upande huu ndiyo kwanza inashika kasi. Seyyid Said alikuwa akigeuza Unguja na Pemba kuwa visiwa vya karafuu, Wafaransa walitaka watu wa mashamba ya miwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na baadaye Malindi ikajaa mashamba ya nafaka. Waingereza wakaja na mikataba. Ule wa 1822 ulimkataza Seyyid asiruhusu watumwa kuuzwa kwa Wakristo. Soma tena: kwa Wakristo. Muislamu kumuuzia Muislamu hakukuguswa. Ule wa 1845 ulikataza kusafirisha watumwa kwenda Arabuni, ukaacha njia ya Kilwa hadi Lamu wazi. Jahazi lililojaa watoto kutoka Nyasa liliweza kutia nanga Unguja mchana kweupe bila kuvunja mkataba wowote.

Jina linalokuja hapa ni David Livingstone. Mwaka 1857 alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge akiwasihi vijana waende Afrika kufungua njia ya biashara halali na Ukristo, na kutokana na hotuba hiyo ikaundwa misheni ya vyuo vikuu, UMCA. Safari ya kwanza ya misheni hiyo inastahili kusomwa polepole. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie na wenzake walipanda bonde la mto Shire, wakakutana na misafara ya watumwa, wakawafungua watu minyororo kwa nguvu. Nani angeweza kupita akaangalia pembeni? Lakini ukishamfungua mtu, mwenye msafara atarudi. Misheni ikajikuta na bunduki mkononi, ikipigana na Wayao katika ugomvi ambao haikuuelewa vizuri, na habari hizo zilipofika Uingereza ziliwatia aibu hata waliowatuma. Mackenzie alikufa kwa homa Januari 1862. Waliobaki wakashindwa kuendelea, na mwaka 1864 misheni ikahamia Unguja, chini ya ulinzi wa Sultani yuleyule ambaye soko la watumwa lilikuwa mjini mwake.

Julai 1871 Livingstone alishuhudia wafanyabiashara wakiwamiminia risasi watu sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Maelezo yake yalifika London mwaka uliofuata, wakati kamati ya Bunge ilikuwa imeshachunguza biashara ya Afrika Mashariki na makanisa yalikuwa yakishinikiza. Serikali ikamtuma Sir Bartle Frere kwa Sultani Barghash. Barghash alikataa, na alikuwa na sababu: tufani ya Aprili 1872 ilikuwa imeng'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo vyake, na sasa anaambiwa akate na kilichobaki. Jibu la Uingereza likawa manowari. Balozi John Kirk alimweleza kwamba asipotia saini kisiwa kitazingirwa. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini, na soko la Mkunazini likafungwa.

UMCA ikapata uwanja ule, na siku ya Krismasi 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyelisimamia ni Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, mtu ambaye sisi wasemaji wa Kiswahili tuna deni kwake kwa sarufi na tafsiri zake. Alizikwa nyuma ya madhabahu mwaka 1882. Ni ishara yenye nguvu, meza ya Bwana pale watu walipopangwa mistari wakikaguliwa meno, na sioni sababu ya kuipunguza.

Ila mkataba ulisema nini hasa? Ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari na ulifunga masoko ya hadhara. Haukumgusa mtumwa aliyekuwa tayari shambani. Asubuhi ya tarehe 6 Juni mchumaji karafuu wa Unguja aliamka mtumwa vilevile. Na biashara yenyewe ilijitafutia njia: misafara ikapita nchi kavu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, kisha watu wakavushwa usiku kwenda Pemba, ambako tufani haikuharibu sana na mikarafuu ilihitaji mikono. Barghash akalazimika kutoa amri nyingine mwaka 1876 kukataza misafara hiyo.

Halafu kulikuwa na swali ambalo kamati ya London haikuwahi kulijibu: mtu akishaokolewa, aende wapi? Manowari ikikamata jahazi lenye watu 100 kutoka nchi za mbali, wengi wakiwa watoto, huwezi kuwashusha gatini ukawaambia kwaherini. Wakagawiwa misheni. UMCA iliwapeleka Mbweni na Kiungani. Mwaka 1875 CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, ikaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pale Kongowea ilipo kengele mpaka leo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, na wao walifanya jambo lililozua ubishi: waliwanunua watoto sokoni ili wawe huru. Wenzao wa Kiprotestanti waliwalaumu kwamba fedha yao inamtia moyo muuzaji. Lawama ina ukweli. Lakini mtoto aliyesimama pale siku ile hakuwa na muda wa kungoja nadharia ikamilike, na mimi nisingekuwa na ujasiri wa kumwambia padri aliyekuwa na fedha mfukoni apite tu.

Watu wa misheni waliitwa mahuru, nao maisha yao hayakuwa huru sana. Kengele ya kuamka, kengele ya kazi, kengele ya sala. Mapema miaka ya 1880 malalamiko kuhusu viboko na kifungo huko Freretown yalifika mpaka kwa balozi wa Uingereza. Hata hivyo humo ndimo walimotoka watu wenye sauti yao wenyewe. John Swedi, mmoja wa wavulana watano wa kwanza waliokabidhiwa misheni mwaka 1864, alikuwa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa, alipewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika UMCA.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulitokea Rabai, kituo cha CMS karibu na Mombasa, na unajulikana kidogo kuliko unavyostahili. Aliyeokolewa baharini alikuwa halali kumpokea, kwa kuwa kumsafirisha kulikuwa kosa. Lakini mtumwa aliyetoka kwa miguu yake katika shamba la Mombasa au Takaungu, akatembea usiku mpaka milango ya misheni? Huyo, kwa sheria ya Sultani ambayo Uingereza iliitambua, alikuwa mali ya mtu, na utumwa aliokuwa akiukimbia ulikuwa halali. Maagizo ya balozi na wakubwa wa misheni yalikuwa kwamba watoro wasipewe hifadhi. Fikiria uzito wake: kanisa lililokusanya sadaka Uingereza kwa ajili ya kukomesha utumwa linaambiwa lisimfungulie mtumwa aliyejifungua mwenyewe.

Rabai iliongozwa na William Jones. Alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa India pamoja na wale waliojulikana kama Waafrika wa Bombay, akarudi pwani kufanya kazi ya misheni na kuwa shemasi mwaka 1885. Jones aliwapokea watoro. Hakuwa peke yake. Wakristo wa Kigiriama nao walikuwa na kijiji chao, Fuladoyo, kilichowahifadhi watoro. Wenye watumwa wa Mombasa walitishia zaidi ya mara moja kuja na silaha. Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipofika kuanza kutawala, mwakilishi wake George Mackenzie alikuta zaidi ya watoro 1,400 katika vituo vya misheni. Hakuweza kuwarudisha bila kashfa, wala kuwaacha bila vita. Akawalipa mabwana zao, na mwanzoni mwa 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Mantiki ilikuwa ileile ya fidia ya pauni milioni 20: aliyelipwa ni bwana.

Kwangu mimi hao 1,400 ndio waliosukuma mambo. Hakuna mkataba uliowataja. Walikwenda wenyewe mpaka pale ambapo maneno ya wahubiri yalipaswa kutimia, wakakaa.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa ikilitumia jina la ukombozi kwa kazi nyingine. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la wamisionari Wakatoliki la White Fathers, alizunguka miji ya Ulaya mwaka 1888 akihubiri vita dhidi ya wawinda watumwa, na alimaanisha. Mwaka huohuo watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri huko Pangani na Bagamoyo, waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Bismarck alihitaji fedha za vita na wabunge Wakatoliki hawakupenda makoloni. Akauvisha uasi ule sura ya uasi wa wafanyabiashara ya watumwa, na Januari 1889 Bunge la Ujerumani likampa marki milioni 2. Hermann von Wissmann akaja na jeshi, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Wajerumani walitawala hadi Vita Kuu ya Kwanza bila kuufuta utumwa. Walitoa hati kwa waliojikomboa, wakatangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru, basi. Anayesema ukombozi ulikuwa kisingizio cha ukoloni ana ushahidi wake kamili hapa.

Upande wa Unguja mambo yaligeuka kwa namna ya kushangaza. Uingereza ilipoufanya usultani kuwa himaya yake mwaka 1890, haikuwa tena na Sultani wa kumlaumu. Maofisa wake sasa ndio waliotetea subira, wakihofia karafuu zitaozea mitini na hazina ikauke. Waliowakera ni watu walewale: Waquaker, shirika la kupinga utumwa, na Askofu Alfred Tucker wa CMS. Hapa wanamageuzi wa Kikristo walipigana na serikali ya Kikristo, na ndipo ninapowaheshimu zaidi, kwa kuwa hakukuwa na bendera ya kuifungulia njia, ilishapandishwa.

Amri ya Aprili 1897 haikusema "watumwa wote wako huru". Ilisema mahakama haitatambua tena haki inayotokana na utumwa. Aliyetaka uhuru aende mwenyewe kuudai, aonyeshe atakaa wapi na atakula nini, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje, kwa hoja kwamba ni mfano wa wake. Wengi hawakwenda mahakamani. Wengine walipatana na mabwana kubaki shambani kwa siku chache za kazi kwa wiki, wengine walihamia mjini Ng'ambo, na wengine walimtaka bwana aandike hati mwenyewe, kwa sababu katika sheria ya Kiislamu kumwacha mtu huru ni tendo la bwana lenye thawabu, na machoni pa majirani karatasi ya Mzungu haikumfanya mtu muungwana. Hili hata Waquaker waliofungua kituo chao Pemba mwaka uleule wa 1897 walilazimika kujifunza. Mwanamke aliyekuwa amezoea kaniki, nguo ya kazi na ya unyonge, alinunua kanga, na mtaani hiyo ilisema zaidi ya muhuri wa mahakama.

Kabla ya kuwa la taifa, neno "uhuru" lilikuwa la mtu mmoja mwenye hati yake.

Masuria walifikiwa na sheria mwaka 1909, na pwani ya Kenya ilikuwa imefutiwa utumwa mwaka 1907. Bara ya Tanganyika ilingoja mpaka Waingereza walipokabidhiwa utawala baada ya vita, ndipo sheria ikatungwa mwaka 1922. Mtoto aliyeuzwa Pangani mwaka 1872 akiwa na miaka 8, kama hakutoroka, hakujikomboa, wala bwana wake hakumwandikia hati, alikuwa na miaka 58 siku hiyo.